Bosi anataka tucheze TikTok kila asubuhi, na sasa mji mzima unaniita Maji Moto

Anti habari yako. Naandika nikiwa stage nangoja matatu ijae so kama kuna makosa utanisamehe. Mimi ni msusi hapa Nakuru, miaka 29, nko na mtoto mmoja msichana anaingia gredi ya kwanza mwaka ujao, naishi Kaptembwo, na bwana yangu anafanya kazi kwa shamba la maua huko Naivasha, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Saluni yenye nafanya iko town lakini sitasema ni gani maana hata mdosi wangu anakusoma, kuna siku alitusomea barua moja kwa sauti tukacheka sana, sasa leo ni mimi.

Shida ilianza mwezi wa kwanza. Madam alienda Nairobi kwa semina fulani ya biashara akarudi amebadilika, ati siku hizi saluni bila TikTok ni kama imefungwa. Akanunua ile taa ya mviringo na stendi ya simu, akatushonea tisheti za pinki, akasema kila asubuhi saa mbili kasorobo tuwe tumejipanga mbele ya vioo tucheze wimbo wenye ako juu hiyo wiki, na mwenye hajafika ama amekataa anakatwa mia moja. Sisi ni wasichana watano. Wale wengine wanajua kucheza, hizi nyimbo zao za arbantone wanazijua zote, mimi kucheza sijui na pia kanisani niko kwa kikundi cha ushers, si unajua vile watu huangalia. Kwa hivyo nilikuwa nasimama nyuma nimeshika kitana, natikisa bega moja basi, na hata hivyo siku nimechelewa nakatwa hiyo mia.

Sasa Jumamosi moja nilikuwa na mteja wa rasta ndogo za kiuno, kazi ya masaa sita na msaidizi, na tulikuwa tumefika ile pahali pa mwisho ya kuchovya ncha kwa maji moto. Mvuke unapanda, mteja anaogopa kuchomeka anajivuta mbele, mimi ndio nimpunguzie uoga nikaanza kuita kama konda, "Kaptembwo wawili wa haraka, Kaptembwo, mama weka kichwa ndani gari inaondoka!" na kila nikiita nachovya fungu moja. Yule mama alicheka mpaka akalia. Sikujua Madam ako nyuma yangu na simu.

Anti, Jumatatu asubuhi watu laki sita walikuwa wameangalia hiyo kitu. Laki sita! Watu wakaanza kuja kutoka Njoro, Molo, mmoja Gilgil, wanafika kwa mlango wanauliza "dada wa maji moto ako wapi". Nisikudanganye, mara ya kwanza nilienda choo nikasoma komenti nikacheka peke yangu, nilifurahi. Lakini kuna komenti za wanaume, si mbaya sana lakini zile za "huyu akimaliza huyo anichovye na mimi", na bwana yangu aliziona kabla sijamwambia, wenzake wa kazi ndio walimwonyesha wakiwa kwa basi la staff. Alinipigia simu akanyamaza tu. Halafu mama mchungaji naye akanitumia meseji ati nipumzike kidogo kusimama mlangoni mpaka mambo yatulie.

Nikaenda kwa Madam nikamwambia aitoe. Akaniangalia akasema saluni ni yake, simu ni yake, hata hayo maji moto ni yake. Na nikitaka kuenda mlango uko wazi lakini hilo jina linabaki. Sasa ameandika kwa akaunti "Dada Maji Moto anapatikana hapa peke yake", na kuna duka la nywele limemletea katoni za rasta na pesa, niliona kwa statasi yake akishukuru Mungu. Pia ile kazi ya rasta za kiuno amepandisha kutoka 1,500 hadi 2,000 lakini sisi kamisheni yetu ya asilimia 40 bado anahesabu kwa ile 1,500, anasema hiyo mia tano ni ya matangazo. Zamani nilikuwa nasuka vichwa sita vya aina hiyo kwa wiki, sai ni kumi, mgongo wangu wacha tu.

Bwana anasema nitoke. Wasichana wenzangu wanasema ninaringa. Kinyozi wa hapo kando ananiambia nifungue akaunti yangu lakini naogopa ionekane ni usaliti. Kodi ya nyumba ni 4,500 na huyu mtoto anataka yunifomu. Anti, kwani mimi sina haki yoyote na hii sura yangu? Nitoke ama nikae?

Maji Moto, Nakuru

JIBU

Maji Moto wangu, umeandika barua ndefu umeniambia habari ya dansi, komenti, bwana na mama mchungaji, na pesa umeitaja pale chini upesi upesi kama mtu anayekumbusha deni akiwa ameshika kitasa cha mlango. Mimi nimeanzia hapo. Nimechukua kalamu. Kwa kila kichwa unakosa 200, yaani asilimia 40 ya ile mia tano aliyoongeza. Vichwa kumi kwa wiki ni 2,000. Wiki nne ni 8,000. Hiyo ni kodi yako ya Kaptembwo imelipwa na 3,500 imebaki, yunifomu imetoka, na pengine viatu. Hiyo ndiyo barua yako, binti yangu. Hayo mengine yanauma kweli, lakini hili ndilo linalokutoa kitanda saa kumi na moja alfajiri na kukurudisha usiku mgongo umekufa.

Ati matangazo. Ngoja nikwambie kitu. Mimi nimekaa Nakuru hii tangu kabla haijaitwa jiji, na saluni ya kwanza niliyosukwa pale Section 58 ilikuwa na ubao mlangoni, umechorwa mwanamke mwenye matuta na shingo ndefu kama twiga, jicho moja kubwa kuliko lingine. Mwenye saluni alimlipa mchoraji. Alimlipa kwa shida, kwa mafungu, mchoraji akawa anakuja kila Ijumaa anakaa kwa benchi kama mteja mpaka apewe chake, lakini alilipwa. Leo ubao wa Madam wako ni wewe. Uso wako, mdomo wako, huo utani wa konda ambao hakuna semina ya Nairobi ingemfundisha. Sasa anakukata wewe pesa ili alipie tangazo ambalo ni wewe mwenyewe! Hapo nilicheka halafu nikakasirika.

Lakini nami nimuonee haki huyo mama, maana si mwizi wa moja kwa moja. Taa alinunua yeye, kodi ya town analipa yeye, na siku ile ni jicho lake lililoona kwamba kuna kitu kinatokea kwenye hayo maji, wewe ulikuwa unafanya kazi tu hukuona. Hiyo nayo ni kazi. Kwa hivyo ukienda kwake usiende kama mtu aliyeibiwa kila kitu, utaongea vibaya na atakutoa mbio.

Kabla hujaenda lakini, jiulize kitu kimoja maana barua yako inavuta kamba pande mbili. Unataka vidio itoke, ama unataka ulipwe? Huwezi kuingia na yote mawili asubuhi moja. Ukitaka itoke, haki unayo, nitakueleza, ila ujue watu wameshaidaunlodi iko WhatsApp za watu hata Madam akiifuta leo, na wateja wa Molo nao watapungua. Ukitaka ulipwe, basi kubali kwamba jina ni Maji Moto na ulibebe bila aibu. Mimi nikikusoma naona mtu aliyejifungia choo akicheka. Huyo mtu hataki itoke. Anataka aulizwe, na apewe chake.

Sasa umeniuliza kama una haki na sura yako. Unayo, na si ya kuombaomba. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na picha yako ni data yako. Mtu akitaka kuitumia kutafuta pesa anatakiwa awe na idhini yako, na hata ukiwa ulikubali jana unaweza kuiondoa hiyo idhini leo. Mwezi wa Septemba 2023 Kamishna wa Data alipiga klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mitandaoni bila ruhusa yake, na shule moja ikapigwa 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuulizwa. Klabu, mwanangu, mahali watu wenyewe wanaenda kujionyesha! Malalamiko yanapelekwa hata kwa mtandao, bure, na sheria imewapa siku 90 kumaliza. Sikwambii ukimbie huko kesho. Nakwambia ujue rungu liko nyuma ya mlango ndio uongee na Madam bila kutetemeka.

Na kuna kitu hukukiona kabisa. Kwenye hiyo vidio kuna kichwa cha mtu mwingine. Yule mama aliyecheka akalia, aliulizwa? Yeye ana haki ile ile, na Madam anaweza kukudharau wewe lakini hawezi kudharau mteja aliyekaa masaa sita akalipa. Mkumbushe hilo kwa upole, kama unamlinda, maana kweli utakuwa unamlinda. Siku moja atarekodi mke wa mtu ambaye alimwambia bwanake yuko kwa mazishi, ndio atajua.

Ile mia mnayokatwa kwa kutocheza, hiyo ni mchezo mbaya. Sheria ya Ajira ya 2007 imetaja ni vitu gani mwajiri anaweza kukata kwa mshahara, na kukosa kucheza arbantone haiko, nimeangalia tena nihakikishe. Na usidanganywe ati kwa sababu unalipwa kwa kichwa wewe si mfanyakazi. Sheria inajua kazi ya kulipwa kwa kipande. Kama mtu anakupangia saa ya kuingia, anakuvalisha tisheti na anakukata ukichelewa, huyo anafanana sana na mwajiri, na mkataba wa miezi mitatu au zaidi unatakiwa uwe umeandikwa. Mnao? Nilidhani hamna.

Nenda Jumanne, wateja wakiwa wachache. Jumamosi usithubutu. Beba daftari, uwe umeandika vichwa vyako vya wiki nne, tarehe na pesa, na ambao walikuja wakikuuliza kwa jina uweke alama. Halafu mwambie hivi, kwa maneno yako: "Madam, vidio imetusaidia sote na wewe ndiye uliiona. Mimi sitaki kuitoa. Lakini hii kazi sasa ni 2,000, naomba asilimia yangu ihesabiwe kwa 2,000. Na kama duka linaleta pesa kwa sababu ya hili jina, tukae tuelewane langu ni kiasi gani. Kucheza mimi siwezi, ila mikono yangu unaweza kurekodi ukiniuliza kwanza." Basi. Nyamaza. Usijaze huo ukimya na kuomba msamaha, najua unataka kufanya hivyo, tabia ya watu wapole. Akikubali, mwandikie hata kama ni kwa WhatsApp, "asante Madam kwa vile tumeelewana leo kwamba...", ibaki pale.

Wale wenzako wanaosema unaringa, hizo 200 ni zao pia. Waambie hesabu. Utashangaa vile maringo yatakwisha.

Kuhusu kutoka, bado. Bwana yako anasema toka lakini yeye analala Naivasha, hajui kiti cha town kinakodishwa pesa ngapi. Tembea uulize, kuna saluni hapa unakodi kiti kwa wiki na kila shilingi ni yako, ila maji, stima, nywele na siku zisizo na mteja pia ni zako. Pigia hesabu daftari lile lile. Umaarufu wa TikTok ni kama maziwa ya asubuhi bila friji, sasa hivi ni mazuri, sijui ya kesho, kwa hivyo usijenge nyumba juu yake, lakini pia usiyamwage. Na hiyo akaunti fungua leo, usiku huu, kabla kijana fulani wa Pipeline hajachukua hilo jina. Si usaliti. Wafuasi wa Madam ni wa Madam, hata mkikosana utatoka mikono mitupu, ndio maana unahitaji pahali pako. Ila usirekodi ndani ya saluni yake bila kumwambia, na kila mteja umuulize kabla simu haijawaka, maana hiyo sheria niliyokusomea haitajua kwamba wewe ndiye mnyonge.

Bwana yako. Mimi sidhani aliumia kwa sababu ya komenti. Aliumia kwa sababu alionyeshwa na wanaume wenzake ndani ya basi na yeye ndiye wa mwisho kujua, akabaki anatabasamu kama mjinga. Akija mwisho wa mwezi usimpe hotuba. Keti naye, weka simu katikati yenu, muangalie hiyo vidio pamoja mwanzo mpaka mwisho, na umwitie "Kaptembwo wawili wa haraka" pale pale jikoni. Akicheka umeshinda. Asipocheka mnaongea, lakini mnaongea mkiwa mmeona kitu kimoja. Na komenti chafu zinachujwa, mwenye akaunti anaweka maneno asiyoyataka na hayaonekani, ni dakika mbili, mwambie Madam afanye hivyo ikiwa kweli anakutakia mema.

Mama mchungaji mimi simuogopi, naye ana mahali anasukwa. Mwendee nyumbani, usijibu meseji kwa meseji. Muonyeshe vidio yote, si ile aliyosimuliwa. Utani wa konda na maji ya rasta, dhambi iko wapi hapo?

Niandikie baada ya hiyo Jumanne uniambie alisema nini. Na uniambie pia, mama wa miaka 57 ambaye nywele za mbele zimeanza kumkimbia, wewe unamsuka kwa pesa ngapi, nije kabla bei haijapanda tena.